Kukaba bila rafu: mwongozo kamili wa ulinzi na kuangushana katika mashindano ya roboti za wanafunzi

Dereva wa roboti yetu alimgonga mpinzani ubavuni, bampa kwa bampa, na hapo hakuna aliyekuwa na neno. Mpinzani alikuwa ameinua lifti yake ya kubebea vitu mpaka juu, kwa hiyo magurudumu yake mawili yakaachana na zulia. Huo ndio muda ambao kidole gumba kilitakiwa kulegea kwenye rimoti. Hakikulegea. Tukaendelea kusukuma kama nusu sekunde hivi, mpinzani akalala chali kama kobe, asiweze tena kutembea, na kadi nyekundu ikatoka. Ilikuwa mechi ya mchujo, na kwenye mchujo kadi nyekundu ya timu moja huangukia muungano mzima, yaani timu zote zinazocheza upande mmoja.

"Anko, si alikuwa anaanguka mwenyewe?" kijana akaniuliza tukiwa njiani kurudi kwenye banda letu.

Kweli, alikuwa anaanguka mwenyewe. Na ndiyo sababu tukaadhibiwa.

Ninasaidia kwa kujitolea timu moja ya sekondari huku Texas, na kila msimu narudia somo hilohilo kwa madereva wapya na kwa wazazi wanaopiga kelele jukwaani. Kanuni za ulinzi zinaonekana nyingi, lakini karibu zote zinauliza swali moja: baada ya mguso wa kwanza, ulifanya nini? Kugonga kunaruhusiwa. Kinacholeta kadi mara nyingi ni mguso wa pili.

Hatua ya kwanza: jua unacheza mashindano gani, na mwaka gani

Usichukue kanuni za ligi moja ukazipeleka nyingine. Hapa nitazungumzia hasa mbili ninazozijua vizuri.

Ya kwanza ni FIRST Robotics Competition, wengi wanaiita FRC. Ilianza mwaka 1992 huko New Hampshire, na mwanzilishi wake ni mvumbuzi Dean Kamen. Wanacheza watatu dhidi ya watatu kwenye uwanja wa zulia wenye urefu wa takriban mita 16 hadi 17 na nusu, kutegemea msimu, na upana wa mita 8 hivi. Msimu wa 2025 uzito wa roboti ulipunguzwa hadi pauni 115, yaani kilo 52 hivi, bila bampa wala betri. Ongeza hivyo viwili halafu fikiria mzigo huo ukija kwa mita 4 kila sekunde. Si mchezo wa kitoto.

Ya pili ni VEX V5. Huko ni wawili dhidi ya wawili, uwanja wa futi 12 kwa 12, mechi ya dakika 2, na roboti inaanza ikiwa ndani ya mchemraba wa inchi 18. Mashine ni ndogo, ila ubishi wa ulinzi ni uleule.

Nyumbani Afrika Mashariki wengi wanaijua FIRST Global, ambako kila nchi hupeleka timu moja na mataifa huchanganywa katika miungano. Ilichezwa kwa mara ya kwanza Washington mwaka 2017. Ina mwongozo wake, usome huo.

Namba za kanuni hubadilika kila msimu, kwa hiyo anayekutajia kanuni kwa namba ya mwaka juzi mshukuru tu, kisha fungua mwongozo mpya. Hata kiini cha kanuni hubadilika. Mwaka 2024 katika FRC ungeweza kumbana mpinzani hadi sekunde 5. Mwaka 2025 zikawa 3. Timu iliyofanya mazoezi kwa mazoea ya zamani ingekuwa inajitafutia faulo kila mechi bila kujua. Na marekebisho hutoka msimu ukiendelea, basi mpe mwanafunzi mmoja kazi ya kuyafuatilia na kuyasoma kwa sauti mbele ya wenzake. Asiwe dereva. Dereva ana mambo mengine ya kufikiria.

Hatua ya pili: elewa "kuangusha" maana yake nini

Hapa ndipo penye kesi nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

FRC inakataza kumwangusha mpinzani, kujishikiza kwake au kumnasa kwa makusudi. Adhabu ni faulo kubwa pamoja na kadi ya njano. Ukiendelea, au mpinzani akishindwa kutembea, kadi inakuwa nyekundu. Mwongozo wenyewe umetoa mifano mitatu, na ningependa kila dereva aijue kwa moyo. Wa kwanza, kutumia kifaa chenye umbo la kabari kumwinua mpinzani kutoka chini. Wa pili, kumgonga mpinzani aliyekwisha kuanguka na sasa anajaribu kusimama, akaanguka tena. Wa tatu ndio uliotumaliza sisi: kumgusa mpinzani ambaye ameanza kupinduka, wakati mwamuzi anaona mguso huo ungeweza kuepukwa.

Upande mwingine, mwongozo unasema wazi kwamba roboti ikianguka kutokana na mgongano wa kawaida, hata kama ni bampa kugonga bampa mara moja tu, hilo si kosa. Kwa hiyo ukimgonga aliyenyanyua lifti akapinduka palepale, una haki ya kuendelea na shughuli zako. Ukimgonga, akainama, ukamsindikiza mpaka chini, umecheza rafu.

VEX nao wanakataza mbinu ambazo lengo lake ni kuharibu, kuangusha au kunasa tu, na wanakubali kwamba ajali ndogondogo ni sehemu ya mchezo. Lakini wana jambo moja ambalo beki lazima alijue kabla hajaingia uwanjani: mwamuzi akiwa na shaka katika tukio la uharibifu kati ya anayeshambulia na anayekaba, shaka hiyo humfaidi anayeshambulia. Ligi yao imeundwa kuwa ya kufunga. Beki anaanza mechi akiwa na deni kidogo kwa mwamuzi, hata kabla hajafanya lolote. Kinyume chake, roboti iliyotandaza mikono pande zote ili kuziba uwanja isitegemee huruma. Hiyo itasukumwa, na ikianguka mwamuzi atatazama pembeni, ilimradi hakukuwa na nia mbaya.

Kuna kanuni nyingine jirani inayokamata wengi. Katika FRC, ukianzisha mguso ndani ya mzingo wa fremu ya mpinzani, yaani nyuma ya bampa zake kule kwenye nyaya na mota, ukaharibu kitu, ni kosa hata kama hukukusudia. Neno "sikukusudia" halina thamani hapo. Dawa yake ni nyepesi: unapokwenda kukaba, kunja kila kitu. Mdomo wa kuokotea mipira uingize ndani, mkono ushushe. Beki mwenye mkono uliotoka nje ni sawa na mtu anayepita sokoni na mwavuli uliofunguliwa.

Hatua ya tatu: jenga roboti isiyoanguka

Kabla hujalalamika kwamba umeangushwa, pima mwenyewe. Maanguko mengi niliyoyaona hayakuletwa na mpinzani. Dereva alikuwa anakimbia na lifti juu, akafunga breki, roboti ikainama yenyewe. Mpinzani alikuwa karibu tu, akapata lawama za bure kutoka jukwaani.

Kipimo ninachokitumia kinahitaji ubao wa plaiwudi, simu yenye programu ya kupima pembe, na watu watatu. Weka roboti juu ya ubao na pigilia kipande cha mbao mbele ya magurudumu ya upande wa chini ili isiteleze. Mtu mmoja anainua ubao polepole upande wa pili. Wengine wawili wanasimama upande wa chini, mikono tayari, bila kuigusa roboti. Utaona magurudumu ya juu yanaanza kuwa mepesi: ukipitisha karatasi chini yake inapita. Simama hapo. Soma pembe.

Sasa chukua nusu ya upana kati ya magurudumu, gawa kwa tanjenti ya pembe hiyo, upate kimo cha kitovu cha uzito. Tuseme nusu ya upana ni sentimita 34. Lifti ikiwa chini roboti ilivumilia digrii 50. Kitovu kiko sentimita 28.5 kutoka chini. Lifti ikiwa juu ilivumilia digrii 28 tu. Kitovu kimepanda hadi sentimita 64. Gawa 34 kwa 64 unapata 0.53. Maana yake ni kwamba ukipunguza mwendo kwa zaidi ya 0.53 ya mvutano wa dunia, karibu mita 5.2 kwa sekunde kila sekunde, unapinduka bila kuguswa na mtu. Roboti inayokwenda mita 4 kwa sekunde ikisimama ndani ya nusu sekunde inavuka kiwango hicho kwa mbali. Ili isipinduke inahitaji robo tatu ya sekunde na zaidi kidogo. Magurudumu yenye mshiko mzuri kwenye zulia yanaweza kabisa kuisimamisha haraka hivyo. Ndiyo ajali yenyewe.

Pima pande zote, mbele na ubavuni, maana fremu nyingi ni ndefu upande mmoja. Halafu fanya marekebisho kwa mpangilio huu. Betri ya volti 12 ina kilo 5 na ushei, kwa hiyo iteremshe mpaka karibu na sakafu. Hakuna uzito wa bei rahisi kama huo. Mota za lifti ziwe chini, mnyororo au kamba ndiyo ipande juu. Vipande vya juu vichongwe viwe vyepesi. Mkishindwa kote huko, ongezeni vyuma chini, kama mizani inaruhusu.

Bampa za FRC kwa kawaida ni plaiwudi iliyopangwa sponji ndefu za kuogelea na kuvikwa kitambaa kigumu, chekundu au cha bluu. Zifunge zisitikisike. Bampa iliyolegea huinama, ikiinama inakuwa kabari, na kabari ikimwinua mpinzani utakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Hatua ya nne: iambie programu kile ambacho dereva atasahau

Dereva wa miaka 16 mbele ya umati hakumbuki tanjenti. Mwandishi wa programu amkumbukie. Lifti ikivuka kimo fulani, punguza kasi ya juu na, la muhimu zaidi, punguza kasi ya kuongeza na kupunguza mwendo. Sisi tunatumia namba ya kipimo cha ubao na kuikata kidogo kwa usalama. Weka pia kitufe kimoja, kikubwa, cha kushusha kila kitu. Dereva akihisi anagongwa, anakibonyeza bila kufikiri. Kama kuna kihisi cha mwinuko, roboti inaweza kushusha lifti yenyewe ikipita digrii 10 au 12, ila ijaribuni sana kabla ya kuiamini, kwa sababu mgongano mkali hukichanganya kihisi, na lifti inayoshuka wakati unafunga itakutia hasira.

Hatua ya tano: amua kama mna haja ya kukaba

Ulinzi ni biashara; piga hesabu. Tuseme roboti yenu hufunga pointi 12 kwa mechi na nyota wa upande wa pili hufunga 60. Mkimpunguzia theluthi moja mmeokoa 20, mmepoteza 12. Faida ni 8. Katika FRC ya 2025 faulo ndogo ilimpa mpinzani pointi 2 na kubwa pointi 6. Faulo mbili kubwa tu, na faida yote imekwisha, tena mmebaki na deni. Kwa hiyo anayekaba awe ndiye anayefunga kidogo na anayeendesha kwa utulivu zaidi. Timu nyingi humpa kazi hiyo dereva mwenye papara kwa sababu "anajua kugonga". Huyo mwekeni mbali.

Msikabe wawili kwa pamoja sehemu moja. FRC hairuhusu roboti mbili au zaidi kushirikiana kufunga eneo zima la mchezo. Na angalieni maeneo yanayolindwa, ambayo kila msimu yana ramani yake. Mwaka 2025, kwa mfano, sekunde 20 za mwisho hukuruhusiwa kumgusa mpinzani aliyekwisha kushika kizimba chake cha kupandia. Beki mzuri anajua saa ya mechi kuliko anavyojua matokeo.

Hatua ya sita: fanyeni mazoezi ya kuachia

Timu hufanya mazoezi ya kugonga. Mazoezi ya kuachia hakuna anayeyafanya, ilhali ndiyo yanayookoa mechi.

Chukueni roboti ya mwaka jana, ifungeni mti mrefu juu iwe nyepesi kuinama, na mtu mmoja aiendeshe kama mshambuliaji. Beki anakuja. Kocha anasimama kando na kusema neno moja tu mara anapoona gurudumu limeachana na sakafu: "Achia!" Beki anarudi nyuma robo mita na kugeuka. Rudieni mara ishirini, halafu kocha anyamaze, beki aone mwenyewe. Siku ya tatu utaona kidole gumba kinalegea kabla hata kichwa hakijaamua.

Kisha kubana. Kubana ni kumzuia mpinzani asiende popote kwa kumgusa, iwe moja kwa moja au kwa kumgandamiza ukutani. FRC ilitoa sekunde 3 msimu wa 2025, na ukizidisha ni faulo kubwa, na nyingine kwa kila sekunde 3 zinazofuata. VEX wanahesabu hadi 5. Wanaojua hivyo ni wengi, wanaojua hesabu inaishaje ni wachache. Katika FRC lazima mtengane futi 6, yaani sentimita 183, kwa zaidi ya sekunde 3. Au mmoja wenu awe amesogea umbali huo kutoka pale mlipoanzia kwa muda huohuo. Au wewe mwenyewe ubanwe. Katika VEX umbali ni futi 2, sawa na kigae kimoja cha uwanja, na ukishaachia huruhusiwi kumrudia huyohuyo mpaka ipite hesabu nyingine ya 5.

Bandikeni tepu sakafuni kwa sentimita 183. Watoto wengi hushangaa ni mbali kiasi gani. Wao hurudi nyuma hatua moja na kudhani wamemaliza. Halafu kuna jambo la kuhesabu. Mtu mwenye hofu huhesabu haraka: tatu yake ni sekunde mbili. Akiwa anabana, haraka hiyo inamsaidia, anaachia mapema. Lakini akishajitenga na kusubiri, haraka hiyohiyo inamponza, kwa sababu anarudi kabla ya muda na mwamuzi anaendelea na hesabu ya zamani kana kwamba hakuondoka. Kwa hiyo msaidizi pembeni ya dereva ahesabu kwa sauti, na aifanyie mazoezi sauti yake kwa saa ya simu mpaka tatu yake iwe tatu kweli.

Mbinu tunayoipenda ni kutobana kabisa. Simama katikati ya njia anayopita mpinzani kwenda kufunga, mlazimishe azunguke, msukume kidogo, achia, tangulia tena. Mabeki wa mpira wa miguu wanaita kumsindikiza mtu kwenye kibendera cha kona. Anapoteza sekunde mbili kila safari, na mwamuzi hana cha kuandika.

Upande wa anayekabwa

Ukigongwa ubavuni ukahisi unasukumwa, usishindane nguvu kwa kwenda mbele na nyuma. Shusha lifti kwanza, kisha zunguka. Mwili wa roboti ukizunguka unateleza kwenye bampa yake kama samaki mkononi. Ukibanwa ukutani, endelea kujaribu kutoka kwa mwendo unaoonekana. Mwamuzi anayeona umekaa tu hawezi kujua kama umebanwa au umepumzika.

Mkinasana, mikono au nyaya zimeshikana, simama. Rudi taratibu kwa njia uliyoingilia. Anayevuta kwa nguvu ndiye anayeonekana ananasa, hata kama aliyeanza ni mwenzake.

Ukianguka, zima mota za magurudumu, tumia mkono kujisukuma kama ulibuniwa hivyo, na usiingie uwanjani kuinua roboti kwa mikono. Mshirika anaweza kukusaidia kwa bampa, ila mkubaliane kabla ya mechi, si mkiwa mmelala.

Mechi ikiisha na hamkubaliani

Katika FRC, mwanafunzi mmoja wa muungano, si kocha wala mzazi, huenda kusimama kwenye sanduku la maswali lililochorwa pembeni ya uwanja. VEX pia mwamuzi mkuu huzungumza na wanafunzi wa timu ya uendeshaji. Usitegemee video, kote kuwili, hata kama simu ya mama imerekodi kila kitu kwa ubora wa sinema. Uamuzi wa mwamuzi mkuu ni wa mwisho.

Mfundishe mwanafunzi kuuliza jambo la kanuni, sio kulalamika. "Naomba kufahamu, kadi imetolewa kwa mguso wa kwanza au kwa kuendelea kusukuma?" ni swali linalopata jibu la maana. "Mbona wao hamkuwapa?" halipati kitu. Ajibiwe, ashukuru, arudi na kile alichojifunza kuhusu macho ya mwamuzi huyo, maana ndiye atakayesimama hapo mechi tatu zijazo. Kumbukeni pia kwamba katika FRC kadi mbili za njano ni nyekundu, na kwamba kadi za njano za mechi za kupangwa, zile za awali, hazivuki kuingia kwenye mchujo.

Yule dereva wetu alikwenda kwenye sanduku la maswali siku ile, akauliza swali hilohilo la kwanza, akarudi kimya. Wiki iliyofuata nilimkuta karakana peke yake, roboti ya zamani imefungwa mti, anamsubiri mwenzake aje kuiendesha.